Gari la kwanza kupita si lazima ndilo linaloongoza

Mbio za magari zikishafika Iringa, kila kijiwe cha bodaboda kinapata mchambuzi wake. Gari la bluu limepita la kwanza pale kwenye kona ya shule, basi linaongoza, mjadala umefungwa. Jioni inatangazwa kwamba la bluu limeshika nafasi ya nne. Hapo zogo linaanza upya: kuna mtu kapewa chochote, waamuzi wametoka nao Dar, matokeo yamechakachuliwa. Wale walioona kidogo mbio za saa 24 za Ufaransa kwenye televisheni ya baa wanaongeza chumvi, maana huko nako gari linapitwa mchana kweupe na watu wanaendelea kula chipsi zao kama hakuna kilichotokea.

Hakuna aliyechakachua. Tumezoea tu kutazama mashindano yote kwa macho ya mbio za mita mia, aliye mbele ndiye mshindi. Mbio za magari zinazochukua siku nzima au usiku kucha zina hesabu nyingine, na asiyeijua atasimama juani kutwa nzima akishangilia gari lisilohusika.

Tuanze na aina zenyewe. Kuna mbio za uwanja wa lami, ambapo magari yanaanza pamoja na kuzunguka njia ile ile mpaka mizunguko iliyopangwa iishe. Formula 1 ni za kundi hilo. Kuna mbio za uvumilivu, nazo ni za uwanjani, ila mara nyingi kinachopangwa ni muda: saa 6, saa 12, saa 24. Anayeshinda ni aliyekwenda umbali mrefu kuliko wenzake ndani ya muda huo. Halafu kuna rali, ambayo ndiyo inayotufikia sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Rali haina uwanja. Magari yanapita kwenye barabara za vumbi za kila siku zilizofungwa kwa saa chache, yanaondoka moja moja, na mshindi ni yule ambaye muda wake wote ukijumlishwa ni mdogo kuliko wa wengine.

Hapo kwenye "moja moja" ndipo penye fundo lote. Fikiria mabasi ya Mbeya kwenda Dar es Salaam. Moja limetoka saa kumi na moja alfajiri, jingine saa kumi na mbili. Ukiwa umesimama Makambako ukaona la kwanza linapita, huwezi kusema ndilo lenye mwendo mkali, kwa sababu lilitangulia kuondoka. Ili ujue, lazima uwe na saa ya kuondoka na saa ya kufika ya kila moja. Rali ni hivyo hivyo, ila tofauti ya kuondoka ni dakika moja, mbili au zaidi, kutegemea vumbi lilivyo zito, na muda unapimwa hadi sehemu ya kumi ya sekunde.

Kumbe unaweza kupima mwenyewe, na hii ndiyo raha ambayo watazamaji wengi wanaikosa. Uliza wasimamizi magari yanaachana kwa dakika ngapi. Tuseme mbili. Washa saa ya kuhesabu kwenye simu gari la kwanza linapokata usawa wa mti uliouchagua. La pili likipita mti huo baada ya dakika 1 na sekunde 50, basi mpaka hapo limekwenda haraka kuliko la kwanza kwa sekunde 10, hata kama wewe umeliona nyuma. Likipita baada ya dakika 2 na sekunde 15, limepoteza sekunde 15. Fanya hivyo kwa magari sita au saba na utakuwa na habari za uhakika kuliko kijiwe kizima. Ila kumbuka ni habari za mpaka kwenye mti wako tu. Mbele yake kuna kona nyingine na madaraja ya magogo, na pancha haipigi hodi.

Kosa la pili linahusu kasi. Wengi hudhani magari yale yanashindana tangu yanapotoka mjini mpaka yanaporudi. Sivyo. Siku ya rali imekatwa vipande. Kuna hatua, yaani vipande vya barabara vilivyofungwa ambako dereva anaruhusiwa kwenda kwa uwezo wake wote na muda unahesabiwa. Kati ya hatua na hatua kuna njia za kuunganisha, na huko gari la rali ni gari kama la kwako: lina namba za usajili, linafuata vibao vya 50, linasimama kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na trafiki akiona kosa anaandika. Kila timu inapewa muda wa kufika kituo kinachofuata. Na hapa kuna jambo linalowashangaza watu kila ninapolieleza. Kwa kanuni za kimataifa, ukichelewa kituoni unaongezewa sekunde 10 kwa kila dakika. Ukiwahi kabla ya muda wako, unaongezewa dakika nzima kwa kila dakika uliyowahi. Kuwahi ni kosa kubwa kuliko kuchelewa! Imewekwa hivyo makusudi, ili pasiwe na mtu wa kuweka ligi na malori kwenye barabara kuu ya TANZAM, ile ya Dar es Salaam kwenda Zambia. Kwa hiyo ukiona gari la mashindano limepaki kando ya barabara, dereva anakunywa maji na msoma ramani anatazama saa yake, hawajaharibikiwa. Wanasubiri dakika yao ifike.

Huyo msoma ramani naye anadharauliwa sana. Jina lenyewe linapotosha kidogo, maana siku hizi kazi yake si kutafuta njia. Anasoma noti. Siku kadhaa kabla ya mashindano timu huruhusiwa kupita njia nzima kwa mwendo wa kawaida, dereva akitaja kila kona na mwenzake akiandika. (Ukiona gari geni linapita kijijini kwenu taratibu, likarudi tena, na aliyekaa kushoto anaandika kwenye daftari, usianze kuwaambia majirani kwamba wamekuja kupima mashamba.) Siku ya mbio yule aliyeandika anasomea dereva kupitia maiki iliyo kwenye helmeti: kulia nne, mita themanini, kushoto mbili inakaza, usikate, jiwe ndani. Namba ni ukali wa kona, na kwa timu nyingi namba ndogo ni kona kali. "Inakaza" maana yake kona inazidi kujifunga kadiri unavyoingia, na "usikate" ni kwamba usipitishe tairi upande wa ndani wa kona. Dereva anaendesha barabara ambayo bado hajaiona, kwa kuiamini sauti. Msomaji akikosea mstari mmoja, wote wawili wanalala kwenye mahindi ya mtu.

Sasa turudi kwenye swali la nani anaondoka wa kwanza, kwa sababu huku kwetu lina uzito wake. Barabara za Mufindi na Kilolo wakati wa kiangazi zina tabaka la vumbi jepesi na changarawe iliyolegea juu ya udongo mgumu. Gari linalotangulia ndilo linalofagia. Matairi yake yanateleza juu ya changarawe ile na kuisukuma pembeni, na wanaofuata wanakuta mstari msafi unaoshika. Hivyo kuondoka wa kwanza, heshima ambayo kwa kawaida wanapewa madereva wenye majina, kunaweza kumgharimu mtu sekunde nyingi katika hatua moja. Mvua ikinyesha mambo yanageuka: wa kwanza anapata barabara ambayo bado haijachimbwa, na wa kumi na tano anakuta mifereji ya tope jekundu. Mtu akikwambia dereva fulani "ameshuka kiwango" katika rali ya mwezi wa saba, muulize kwanza alianza nafasi ya ngapi.

Kuna na suala la mwinuko. Mji wa Iringa upo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, Mbeya karibu 1,700, na Mafinga inakaribia 1,900. Hewa ya juu ni nyepesi, injini inapata oksijeni kidogo. Kwa kipimo cha jumla cha mafundi, injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000. Yenye tabo hupoteza kidogo kuliko hiyo, kwa kuwa tabo kazi yake ni kusukuma hewa ndani kwa nguvu. Hapo ndipo unapoelewa kwa nini Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, zenye tabo na zinazovuta matairi manne, zimependwa miaka mingi kwenye rali za Afrika Mashariki. Kabla hujamwonea wivu jirani mwenye Impreza, jua kwamba ya kwake na ile ya mashindano zinafanana bodi tu. Ndani ya ile ya rali viti vya nyuma vimeng'olewa, kuna kizimba cha mabomba ya chuma kilichochomelewa ili paa lisibonyee likipinduka, mikanda yake inabana mabega, kiuno na mapaja, na chini kuna sahani nene ya kulinda sampo, yaani bakuli la oili chini ya injini, dhidi ya mawe.

Ile milio ya "pa! pa! pa!" gari linapoachia mafuta kuingia kwenye kona? Watoto hukimbia, wazee husema injini inakufa. Ni mtambo unaochoma mafuta kidogo kwenye ekzosi wakati dereva ameondoa mguu, ili tabo iendelee kuzunguka na nguvu iwepo papo hapo anapokanyaga tena. Unakula mafuta na unachosha vyuma, lakini bila huo dereva angetoka kwenye kona akisubiri nguvu ije.

Pa kusimama

Kwenye hili nitakawia, kwa sababu kutojua mengine yote kutakuharibia burudani tu.

Mwaka 1986 katika Rally de Portugal, gari la Ford RS200 liliwakwepa watazamaji waliokuwa barabarani, likashindwa kukaa njiani na kuingia kwenye umati. Watu watatu walikufa na zaidi ya thelathini waliumia. Picha za miaka ile zinaonyesha watu wakifunga barabara kabisa na kugawanyika katikati gari linapokaribia, wengine wakijisifu kuligusa. Mwaka ule ule dereva Henri Toivonen na msoma ramani wake Sergio Cresto walikufa Corsica, na magari ya kundi lile lenye nguvu za kupindukia, Group B, yakapigwa marufuku kuanzia msimu wa 1987.

Tabia ya kufunga barabara na kugawanyika dakika ya mwisho haijafa. Ninaiona kila mwaka, tena kwa watu wazima wenye akili zao.

Gari likipoteza njia kwenye kona, linaendelea kule lilikokuwa linaelekea, yaani upande wa nje. Basi upande wa nje wa kona si pa kusimama, hata ukiona wenzako mia wamejazana kwa sababu picha zinatoka vizuri. Mwisho wa mnyoofu mrefu ni vilevile, na njia panda pia, maana breki zikigoma gari litapita moja kwa moja. Tafuta mahali palipo juu ya barabara: kingo za udongo zilizochongwa na greda kando ya mashamba ya miti ya Sao Hill, kwa mfano, zinakupa mwinuko wa asili na unaona gari likija kutoka mbali. Chini ya barabara, kwenye mteremko, usikae kabisa. Ukiwa ndani ya kona, rudi nyuma mita kadhaa, maana madereva hukata kona na matairi hurusha mawe. Na popote ulipo, jiulize nitakimbilia wapi. Kama jibu ni korongo au seng'enge, hama.

Fika mapema. Barabara hufungwa muda mrefu kabla ya gari la kwanza, na baada ya hapo hata bodaboda anayekwambia "mimi najulikana" hatapita. Mbele ya washindani litapita gari lenye namba 0, na mara nyingi jingine la 00 kabla yake, yakikagua kama njia ni salama. Hayo si washindani, ingawa kila mwaka kuna wanaoyashangilia mpaka sauti inakauka. Likishapita la 0, barabara si yako tena hadi lipite gari la kufunga njia. Utulivu kati ya gari na gari unadanganya. Mtu anavuka kwenda kununua karanga, na gari la kilomita 140 kwa saa linatokea nyuma ya miti.

Mifugo ifungwe. Mbuzi mmoja ametosha kumaliza mashindano ya watu waliotumia fedha nyingi kufika pale, achilia mbali hasara ya mwenye mbuzi. Ulanzi nao unywewe hatua zikishaisha. Mlevi hupima umbali kwa moyo.

Gari likipata ajali mbele yako, usikimbilie kwanza. Tazama nyuma, kwa sababu la pili linakuja na dereva wake hajui. Timu ikiwa salama huonyesha kibao cha OK kwa wanaofuata na kuweka pembetatu nyekundu nyuma ya gari. Wakionyesha kile chekundu cha SOS, au wasipoonyesha chochote, mjulishe msimamizi wa karibu, na magari yanayofuata yanatakiwa kusimama kusaidia.

Zile za saa 24

Mbio za Le Mans, Ufaransa, zilianza mwaka 1923, na mzunguko mmoja wa sasa una urefu wa kilomita 13.626. Sehemu kubwa ya njia hiyo siku nyingine ni barabara ya umma ambayo watu hupita kwenda kazini. Kila gari lina madereva watatu wanaopokezana, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa 4 ndani ya saa 6 zozote. Kinachomchanganya mtazamaji ni kwamba pale kuna mashindano kadhaa kwa wakati mmoja katika barabara moja. Magari yamegawanywa madaraja. Ya daraja la juu, yenye umbo la kombora, yanayapita yale yanayofanana na magari ya dukani mara nyingi kwa saa, na hakuna anayeshtuka kwa sababu hayo mawili hayashindani. Tazama rangi ya kibao cha namba ujue gari liko daraja gani, kisha ulinganishe na wenzake tu.

Jingine ni kwamba idadi ya mizunguko peke yake haikwambii gari lina mwendo kiasi gani. Mwaka 2023 Ferrari ilishinda kwa mizunguko 342, karibu kilomita 4,660, zaidi ya safari tano za Mbeya hadi Dar. Mwaka 2024 Ferrari ilishinda tena, lakini kwa mizunguko 311. Gari halikuwa limezorota. Mvua ya usiku ilifanya magari yote yaongozwe taratibu kwa zaidi ya saa nne nyuma ya gari la usalama.

Uvumilivu wa namna hiyo tuliwahi kuwa nao hapa hapa. Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi iliendeshwa kwenye barabara ambazo hazikufungwa: dereva alikutana na ng'ombe, malori na mito iliyofurika kama msafiri mwingine yeyote. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyomaliza. Mwaka 1968 yakamaliza saba tena, na mshindi akawa yule yule, Nick Nowicki na Peugeot yake. Katikati yake, 1966 na 1967, mshindi alikuwa Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Tanzania, naye akiwa na Peugeot 404. Wazee waliowahi kuwa na 404 watakueleza habari zake mpaka uombe ruhusa ya kuondoka. Safari ya leo, iliyorudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021 na kufanyika zaidi eneo la Naivasha, ina hatua fupi zilizofungwa kama rali nyingine zote.

Siku yenyewe vaa sweta hata kama jua linawaka, kwa sababu Mafinga ya mwezi wa saba saa kumi na mbili asubuhi haina urafiki na mtu. Beba leso au kitambaa cha kufunika pua, maji, na chaji ya simu. Orodha ya washiriki ikipatikana, ichukue, maana bila hiyo namba ya mlangoni haikwambii kitu. Ukitaka kuyaona magari kwa karibu na kuongea na watu, nenda eneo la sevisi. Huko mafundi wanapewa dakika zilizohesabiwa, na kuona wanne wakibadilisha giaboksi wamelala kwenye turubai, jeki bado inalia, ni tamasha linalojitegemea.

Na mwishoni, gari la mshindi likipanda jukwaani na madereva wakimwagiana vinywaji, matokeo bado ni ya awali. Magari hupelekwa eneo lililofungwa ambalo hata mwenye gari haruhusiwi kuligusa lake, na wakaguzi wanaweza kupima uzito, kufungua injini au kutazama tabo. Matokeo yakishabandikwa, timu zina dakika 30 za kuweka pingamizi. Kwa hiyo anayekuja mbio kijiweni saa kumi jioni na jina la bingwa, muulize kama karatasi imeshabandikwa, na imebandikwa saa ngapi.